Kosa linalolingana pande zote mbili: kisa cha Chevrolet ya 1951

Gari lenyewe ni Chevrolet 3100, pikapu ya mwaka 1951, lililoingia Katanga wakati mji wetu ulikuwa bado unaitwa Élisabethville. Leo limelazwa kwenye parseli moja ya Kampemba, Lubumbashi, na si gari la maonyesho. Kila baada ya mavuno hubeba mahindi, na miezi mingine hubeba magunia ya makala (makaa), kutoka shamba la mwenyewe lililoko kwenye barabara ya Kasenga. Mwenyewe ni mzee aliyelirithi kwa baba yake, na aliponiletea hakuanza na salamu ndefu.

“Fundi, nikikata kona, volani (usukani) haitaki kurudia. Paka niivute na mikono. Na kwa barabara yenye kunyooka, motoka inatafuta njia yake yenyewe.”

Nilimuuliza hali hiyo ilianza lini. Akasema ilianza baada ya resori, yale mabamba ya chuma yanayobeba gari, kutengenezwa. Nikamuuliza kama gari likiwa na mzigo linazidi kuyumba. Akafikiri kidogo, akajibu: “Hapana, ikibeba makala inatulia. Ikiwa tupu ndiyo inanisumbua.”

Jibu hilo la pili ndilo lililofungua kisa chote, ingawa wakati ule sikujua litatupeleka wapi. Pikapu ikijazwa nyuma, uzito huhama, magurudumu ya mbele hubaki mepesi, na kwa kawaida dereva hulalamika kwamba usukani umekuwa laini mno. Hapa mambo yalikuwa kinyume.

Kabla ya kufika kwangu, gari lilikuwa limepita kwenye garaji mbili. Ya kwanza ilifanya paralelismu, yaani kulinganisha magurudumu ya mbele, kwa kamba, ikakaza ubano wa mbele, na mzee akaambiwa atasikia tofauti. Kweli alisikia tofauti kwa siku chache, halafu matairi ya mbele yakaanza kulika upande wa nje. Ya pili ina mashine ya kamera ya kupima pembe za magurudumu, nzuri sana, na ilimpa karatasi yenye namba nyekundu pamoja na hukumu: ekseli ya mbele imepinda, itafutwe nyingine au ipashwe moto inyooshwe. Kwa gari la mwaka 1951, kuambiwa utafute ekseli nyingine hapa Lubumbashi ni sawa na kuambiwa uliegeshe.

Sina ugomvi na mashine ile. Vipimo vyake, tulivyoona baadaye, vilikuwa karibu na vyetu. Tatizo lilikuwa katika kuvisoma. Fundi anayefanya kazi kila siku na magari ya leo amezoea kwamba kila gurudumu la mbele lina mikono yake, na kila mkono una bolti ya kuzungusha au shimu (kipande chembamba cha kujazia) ya kuongeza. Namba ikiwa nyekundu, anazungusha mpaka iwe kijani. Chevrolet ilianza kutoa magari madogo yenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea mwaka 1934, Ford ikafuata mwaka 1949, lakini pikapu za Chevrolet ziliendelea kutumia ekseli nzima ya chuma cha kufuliwa, umbo la I, mpaka modeli za 1959. Kwenye ekseli hiyo hakuna bolti ya kuzungusha isipokuwa ile ya fimbo inayounganisha magurudumu mawili. Pembe nyingine zote zimo ndani ya chuma chenyewe na katika namna kilivyofungwa kwenye resori. Namba nyekundu hapo haisemi “nizungushe.” Inauliza ni kitu gani kimebadilika tangu kiwandani.

Nitaeleza pembe tatu kwa maneno nitakayoyatumia hadi mwisho. Mlalo ni namna gurudumu linavyoegemea nje au ndani ukilitazama kutoka mbele ya gari. Likiwa limeinama juu kwa nje kidogo, tunasema mlalo ni chanya, na ekseli za zamani karibu zote zilipewa mlalo chanya mdogo. Ubano ni kwamba magurudumu mawili yamekaribiana mbele kuliko nyuma, kwa milimita chache tu. Mwegemeo ni namna pivo, ile pini nene ambayo gurudumu huzungukia unapokata kona, inavyolala ukiitazama kutoka ubavuni: ncha ya juu ikiwa imerudi nyuma, mwegemeo ni chanya.

Mwegemeo ndio unaorudisha usukani. Mtazame kijana anayeshuka na baiskeli: uma wa mbele umelala nyuma, kwa hiyo sehemu ya tairi inayogusa ardhi ipo nyuma ya mstari wa uma, na gurudumu linavutwa lenyewe kunyooka. Ndiyo maana anaweza kuachia mikono. Geuza uma ule ulale mbele na hataendesha hata mita kumi. Katika gari ni hivyohivyo: ukitoa mwegemeo, gurudumu halina tena sababu ya kurudi katikati, na kila jiwe na kila mtelemko wa barabara huamua mwelekeo badala ya dereva.

Kwa hiyo malalamiko ya mzee, usukani usiorudi na gari linalotafuta njia, yalielekeza kwenye mwegemeo tangu mwanzo. Ubano mbaya hula matairi na kulifanya gari liwe na wasiwasi, lakini mara chache peke yake huzuia usukani kurudi baada ya kona. Hata hivyo sikutaka kuanza kwa kukisia. Pivo kavu, beringi yake ya chini ikiwa imeshika kutu, nayo huzuia usukani kurudi, na dalili hufanana kabisa.

Tulianza kwa kuinua ekseli kwa kriki (jeki), gurudumu moja baada ya jingine, na kulitikisa kwa kushika juu na chini. Gurudumu la kulia lilikuwa na mchezo, yaani lilikuwa limelegea kidogo. Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosa: mchezo huo unaweza kuwa wa beringi za gurudumu au wa pivo, na mkono hautofautishi. Mtu mmoja akanyage breki, kisha tikisa tena. Breki ikishika, ngoma na gurudumu vinakuwa kitu kimoja na mkono wa gurudumu, kile kipande kinachobeba gurudumu na kuzunguka kwenye pivo, na mchezo wa beringi hufichwa. Unaobaki ni wa pivo. Kwetu mchezo ulipungua sana lakini haukuisha, maana yake beringi zilihitaji kukazwa na bushi za pivo za kulia zilikuwa zimeanza kuchoka. Rotili, yaani viungo vya ncha za fimbo, zilikuwa salama. Tuliziachisha fimbo zote mbili, ile inayounganisha magurudumu na ile inayotoka kwenye boksi ya usukani, na kuzungusha kila gurudumu kwa mkono likiwa hewani: yalizunguka laini, bila kukwama popote. Basi si kutu.

Bushi zilizochoka tulizibadilisha, kwa sababu kupima pembe juu ya kitu kinachocheza ni kupima hewa. Lakini sikuamini kwamba ndizo ugonjwa wenyewe. Bushi za kulia zilikuwa zimechoka, za kushoto zilikuwa nzuri, na kosa la upande mmoja lingelivuta gari upande mmoja. Hili lilikuwa linayumba pande zote.

Pivo zilipokuwa nje tulipata nafasi ya kuijibu ile hukumu ya ekseli iliyopinda. Tulichomeka fimbo mbili za chuma zilizonyooka katika matundu ya pivo, tukavuta uzi kutoka fimbo moja hadi nyingine juu ya ekseli, kisha tukapima kutoka kwenye uzi hadi kwenye vitako viwili ambavyo resori hukalia. Umbali ulikuwa sawa kushoto na kulia. Tukapima pia kila fimbo inavyoinama kuelekea ndani ukiitazama kutoka mbele: takribani digrii 7 upande huu na takribani 7 upande ule. Ekseli iliyogonga shimo kwa nguvu haiwezi kutoa majibu hayo. Ingekuwa imeshuka upande mmoja, na mlalo wa gurudumu hilo ungekwenda nao.

Kuna hesabu moja inayosaidia sana hapa. Chukua mlalo wa gurudumu, ujumlishe na mwinamo huo wa pivo kuelekea ndani. Jumla hiyo imefungwa ndani ya mkono wa gurudumu, na haijali kama ekseli imepinda au la. Mlalo ukiwa mbaya na jumla ikiwa sawa na ya upande wa pili, ekseli imepinda. Jumla yenyewe ikitofautiana, mkono wa gurudumu ndio uliopinda. Sisi tulipata mlalo wa digrii 1 chanya kila upande, na jumla zinazolingana. Kwa hiyo ekseli na mikono yote miwili vilikuwa vimenyooka.

Na hata kama ingekuwa imepinda, isipashwe moto. Ekseli ya chuma cha kufuliwa ikipashwa mpaka iwe nyekundu hupoteza nguvu iliyopewa kiwandani, na itapinda tena, labda siku gari limejaa watu juu ya magunia. Hunyooshwa ikiwa baridi, kwenye presi, polepole, kwa kupimwa kila hatua. Nimesikia ushauri wa moto mara nyingi hapa mjini na naupinga kila mara.

Kuupima mwegemeo hakuhitaji mashine, kunahitaji sakafu sawa na subira. Sakafu yetu si sawa, kwa hiyo tulitumia tiyo (mpira) angavu yenye maji, kama wanavyofanya maseremala na waashi, tukaweka vipande vya bati chini ya magurudumu mpaka yote manne yalipokuwa kwenye usawa mmoja. Chini ya kila gurudumu la mbele tukaweka bati mbili zilizopakwa grisi katikati, ili tairi lizunguke bila kujikunja. Simu ya kawaida yenye programu ya kupima mwinamo, ikiwa imefungwa kwenye kipande cha chuma kilichonyooka na kuegemezwa kwenye rimu, inatosha kusoma mlalo hadi sehemu ya kumi ya digrii, mradi usome mara kadhaa na uchukue wastani.

Kisha unakata gurudumu digrii 20 kwenda nje, unasoma mlalo. Unalikata digrii 20 kwenda ndani, unasoma tena. Tofauti ya masomo hayo mawili ukiizidisha kwa 1.5 unapata mwegemeo. Gurudumu lenye mwegemeo chanya, likikatwa kwenda nje, huegemea juu kwa nje zaidi. Gurudumu la kulia la Chevrolet hii lilifanya kinyume: likikatwa kwenda kulia lilisimama wima, likikatwa kushoto liliinama nje. Tofauti ilikuwa digrii 1.3, yaani mwegemeo wa karibu digrii 2, lakini hasi. Tukaenda upande wa kushoto. Namba ikawa karibu ileile, hasi 1.8.

Kijana anayejifunza kwangu alifurahi kupata kosa. Mimi nilifurahishwa zaidi na kulingana kwake. Breki au shimo likiipinda ekseli kwa kuizungusha, hupinda zaidi upande mmoja, na mwegemeo wa kushoto hutofautiana na wa kulia. Hapa pande mbili zilikuwa zimekosea kwa kiasi kilekile. Basi kilichokosea si kitu cha upande mmoja. Ni kitu kinachoigeuza ekseli nzima kwa pamoja: resori, namna resori zilivyofungwa, au kimo cha gari lenyewe.

Kimo tulikishuku kwanza, kwa sababu ya yale maneno kuhusu mzigo. Mtengeneza resori alikuwa ameongeza lame (mabamba ya resori) mbili kila upande nyuma ili gari libebe makala zaidi. Mkia wa gari ukipanda, fremu huinama mbele, resori za mbele huinama nayo, ekseli huzunguka nazo, na ncha ya juu ya pivo huenda mbele. Hesabu ni rahisi: umbali kati ya ekseli mbili za pikapu hii ni inchi 116, karibu mita 2.95. Nyuma ikipanda sentimita 10, mwegemeo hupungua karibu digrii 2. Watu wengi huinua magari nyuma bila kujua kwamba wanakata tawi walilokalia mbele.

Tuliijaribu kwa magunia ya mchanga. Tulipakia nyuma mpaka gari likashuka sentimita 7.5, tukapima tena. Mwegemeo ulikuwa umetoka hasi 2 hadi hasi 0.5. Ndiyo maana gari lilitulia likiwa na makala: mzigo ulikuwa unairudisha pivo nyuma. Mzee alikuwa ametuambia jibu siku ya kwanza, kwa maneno yake.

Lakini hasi 0.5 bado ni hasi. Ekseli za aina hii hutaka mwegemeo chanya, wa digrii chache, na mzigo wote ule haukutufikisha hata kwenye sifuri. Kulikuwa na kitu kingine.

Tulipolala chini na kusafisha matope mekundu yaliyoganda juu ya ekseli tulikiona. Kati ya kila resori na kitako chake kulikuwa na kabari nyembamba, na upande wake mnene ulikuwa umetazama mbele. Kwenye gari ambalo resori hukaa juu ya ekseli, kabari ya kuongeza mwegemeo hukaa upande mnene ukiwa nyuma. Fikiria mwenyewe: upande mnene unasukuma nyuma ya kitako ishuke, mbele ya kitako inapanda, na pivo inalala nyuma. Ukiigeuza, hufanya kazi ileile kwa nguvu ileile, kinyume chake. Tulizipima kabari hizo: digrii 2. Kuiweka kabari ya digrii 2 kinyume hakukunyimi digrii 2, kunakunyima 4, kwa sababu unapoteza ulichokuwa nacho na kuongezewa kosa la kiasi hichohicho.

Hesabu ilifungana. Gari likiwa tupu na lame zake za zamani, kabari zikiwa sawa, lilikuwa na mwegemeo wa karibu 3.5 chanya. Lame za nyuma zikatoa 1.5. Kabari zilizogeuzwa zikatoa 4. Tumebaki na hasi 2, ndivyo tulivyopima.

Si vigumu kuelewa ilivyotokea. Resori zilishushwa, kabari zikaanguka sakafuni, na zikarudishwa na mtu ambaye hakujua zina upande. Kabari ni kitu kidogo, kilichojaa kutu, ambacho kinaonekana kama kipande cha kujazia nafasi. Tangu siku hiyo, resori zozote za gari la ekseli nzima zikishushwa kwangu, kabari hutiwa alama ya patasi upande wa mbele kabla bolti haijalegezwa.

Sasa, tiba. Mzee hakutaka lame za nyuma ziondolewe, na ana haki: gari linaishi kwa mzigo. Kijana wangu alipendekeza tuchonge kabari nene zaidi, za digrii 4, ili tupate mwegemeo mkubwa hata gari likiwa tupu. Nilikataa, na ninaeleza sababu kwa kuwa hapa ndipo wengi wanakosea kwa upande wa pili. Gari likiwa tupu lingekuwa na digrii 4, sawa, lakini likipakiwa lingefika 5.5 au zaidi. Mwegemeo mkubwa mno huufanya usukani uwe mzito unapoegesha, na mbaya zaidi, huchochea ule mtetemo mkali wa magurudumu mawili yakipigana kushoto na kulia. Ekseli nzima ni dhaifu mbele ya ugonjwa huo kuliko aina nyingine yoyote, kwa sababu gurudumu moja likipanda jiwe, ekseli yote huinama, na gurudumu linalozunguka kwa kasi likiinamishwa hivyo hujibu kwa kukata kona lenyewe. La pili linafuata kwa sababu yamefungwa pamoja. Tairi laini, pana, zenye presha ndogo zilipoenea miaka ya 1920 mtetemo huo ulikuwa balaa la magari mengi, mhandisi Mfaransa Georges Broulhiet aliuchunguza mwaka 1925, na ni moja ya sababu kubwa zilizofanya viwanda viachane na ekseli nzima mbele.

Kwa hiyo tulirudi kwenye digrii 2, kabari zikiwa upande sahihi. Tupu lingekuwa na chanya 2, na likiwa na mchanga wetu chanya 3.5. Kabari za zamani zilikuwa za alumini na moja ilikuwa na ufa kuanzia kwenye tundu, kwa hiyo fundi wa fireza, mashine ya kuchonga chuma, alituchongea mpya za chuma, zenye upana kamili wa resori. Kabari fupi au nyembamba kuliko resori huacha lame ikining’inia pembeni, na lame hukatika hapohapo. Bolti ya katikati ya resori lazima ipite ndani ya kabari na kichwa chake kiingie kwenye tundu la kitako, la sivyo ekseli itateleza na gari litatembea upande kama kaa. Bolti za U, zile zinazofunga resori kwenye ekseli, hazikurudishwa. Zikishakazwa miaka mingi huvutika, na mpya si ghali.

Ubano tuliuacha wa mwisho, na hilo ndilo ningependa kila fundi anayegusa magari haya alishike. Ukibadilisha mwegemeo, pivo inabadili namna inavyolala, na ubano uliokuwa umeuweka unaweza kusogea. Anayeanza na ubano atarudia kazi, au hatairudia, na mteja ataondoka na kosa.

Tulipaka chaki katikati ya kila tairi la mbele, tukaliinua, tukalizungusha huku msumari umeshikwa imara juu ya ubao, ukachora mstari mwembamba kuzunguka tairi lote. Mstari huo haujali kama tairi limeliwa au rimu ina mkunjo. Tukashusha gari, tukalisukuma mbele na nyuma, tukalikandamiza mbele ili resori zikae mahali pake. Halafu tukapima kutoka mstari hadi mstari kwa urefu wa kitovu cha gurudumu, mbele kisha nyuma, tukisukuma gari nusu mzunguko ili alama ileile itumike pande zote mbili. Tofauti ilikuwa milimita 9. Hicho ndicho garaji ya kwanza ilichofanya: ilijaribu kuyatuliza magurudumu yasiyo na mwegemeo kwa kuyabana yasukumane. Gari lilitulia kidogo kwa sababu kila tairi lilikuwa linaburuzwa upande, na matairi yalilipia. Ukipitisha kiganja juu ya tairi la mbele kutoka ndani kwenda nje, unasikia meno makali. Kutoka nje kwenda ndani, ni laini. Meno yaliyoelekea ndani ni alama ya ubano uliozidi, na ingeonekana hata bila kupima.

Fimbo ya pikapu hii iko nyuma ya ekseli, kwa hiyo kuirefusha huongeza ubano na kuifupisha huupunguza. Tuliifupisha mpaka milimita 2. Ingekuwa matairi ya zamani ya nyuzi za mshazari ningeacha 3, lakini haya ni ya radiali na hayahitaji mengi. Ubano upo kwa sababu gari likienda, msuguano wa barabara husukuma magurudumu yafunguke, na rotili na bushi, hata nzuri, zina mchezo mdogo. Milimita hizo hufutika mwendoni na magurudumu huenda sambamba. Zikibaki nyingi, zinakula raba.

Usukani ulibaki umepinda upande, kama kawaida baada ya kazi hii. Hapo usiguse fimbo ya ubano. Rekebisha fimbo ndefu inayotoka kwenye boksi ya usukani, ili magurudumu yakinyooka boksi iwe katikati kabisa, mahali ambapo imetengenezwa kuwa ngumu kidogo. Boksi inayoendeshwa nje ya katikati yake huwa na mchezo unaofanana na ubovu, watu huikaza, na inakufa mapema.

Tulilijaribu kwenye barabara ya Kasenga, mahali lami inapoisha na laterite inaanza, tupu kwanza. Mzee alikata kona, akaachia mikono, na usukani ukarudi wenyewe. Akarudia tena, bila kusema kitu, na tena. Kwenye barabara iliyonyooka gari lilishika mstari. Karibu na kilomita 70 kwa saa kulikuwa na mtetemo mdogo uliobaki, wa tairi la kushoto ambalo lilikuwa limeliwa kwa mawimbi wakati wa ubano wa milimita 9. Tulilihamishia nyuma, mtetemo ukaondoka mbele. Tairi lililoliwa vile haliponi kwa kurekebisha pembe, ama lihamishwe au litupwe.

Aliporudi baada ya mavuno tulikaza tena bolti za U, ambazo hulegea kidogo resori zikikaa mahali pake, na tukapima ubano na mwegemeo. Ubano ulikuwa bado milimita 2. Mwegemeo ukiwa tupu ulikuwa chanya 2 kulia, chanya 2.2 kushoto.